Kuwafundisha Watoto Kuhusu Oman: Anza na Maji, Ngamia Atafuata

Kila shule zinapokaribia kufungwa naulizwa swali lilelile: "Nataka watoto wangu waijue Oman, nianzie wapi?" Wengine wana shangazi au binamu Maskati na wanataka watoto waelewe ndugu zao wanaishi vipi. Wengine ni walimu waliofika kwenye mada ya nchi za jangwa na hawana cha kuonyesha zaidi ya picha ya ngamia. Mwongozo huu ni jibu langu kwa wote.

Umepangwa kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, nyumbani au darasani. Ipe kila hatua siku yake. Ukizibana zote kwenye mchana mmoja, watakachokumbuka ni halua peke yake.

Msimamo wangu ni huu: nchi ya jangwa hueleweka kwa maji yake. Mtoto akishajua maji yanatoka wapi, yanamfikia nani kwanza na anayeyagawa ni nani, mengine yote (mji, shamba, chakula, hata safari za baharini) anayaelewa kwa urahisi.

Vitu vya kuandaa

- Ramani ya Bahari ya Hindi inayoonyesha pwani ya Afrika Mashariki na Bara Arabu kwa pamoja. Ramani ya Oman peke yake haitoshi.
- Chaki na utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani.
- Karai pana au sinia kubwa lenye kingo, mchanga, udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, vijiwe, vitambaa chakavu na chupa ya maji ya lita moja na nusu.
- Tende, kahawa, iliki, halua na vikombe vidogo vya kahawa. Kama una dele (birika la kahawa), vizuri sana. Kama huna, chupa ya chai itafaa.
- Ubani kidogo, chetezo na kaa moja la moto.
- Kofia iliyoshonwa kwa mkono.
- Picha chache ulizozihakiki mwenyewe.

Hapo kwenye picha usifanye haraka. Ukitafuta mtandaoni utaletewa maghorofa ya Dubai, Watuareg wa Sahara na hata piramidi, vyote vimechanganywa. Tazama mavazi. Mwanamume wa Oman huvaa dishdasha isiyo na kola, yenye kishada kidogo shingoni, na kichwani kofia iliyotariziwa au kilemba. Ukiona kitambaa kichwani kilichozungushiwa kamba nyeusi, karibu kila mara hiyo ni picha ya nchi jirani. Iweke kando.

Hatua ya 1: Wachore jangwa, kisha pimeni mvua ukutani

Kabla hujasema lolote, wape karatasi na uwaambie wachore jangwa. Wengi watachora mchanga, jua na ngamia mmoja. Usisahihishe. Zitunze karatasi hizo, utazihitaji.

Sasa waonyeshe Oman yenyewe. Sehemu kubwa ya nchi ni uwanda wa changarawe na mawe, wala si matuta ya mchanga. Matuta yapo, na ni mazuri mno: kule Sharqiya, na kule magharibi ambako Oman inagusa Rub' al Khali, jangwa kubwa inaloligawana na Saudi Arabia, Yemen na Falme za Kiarabu. Lakini kaskazini kuna milima, na Jebel Shams unafika kama mita 3,000. Kwenye Jebel Akhdar watu hulima mawaridi na makomamanga. Pwani yake ina urefu wa zaidi ya kilomita 3,000, na kasa hupanda kutaga mayai Ras al Jinz. Kwa ukubwa, nchi nzima ni kama theluthi moja ya Tanzania.

Halafu mvua. Chukua utepe na chaki. Maskati hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, yaani sentimita 10: chora mstari ukutani, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100: chora mstari wa pili kwenye sentimita 110. Msimamishe mtoto wa darasa la kwanza kati ya mistari hiyo miwili, mstari mmoja mguuni pake, mwingine karibu na utosi. Waulize tu: "Mngeishi vipi na mvua ya mguuni?" Acha wajibu wenyewe.

*Angalia hapa:* wasije wakaondoka wakidhani mvua ya jangwani haina nguvu. Ikinyesha milimani, maji hushuka kwa kishindo kwenye mabonde makavu yanayoitwa wadi na kusomba magari. Mwezi Juni 2007 kimbunga Gonu kilifurisha Maskati na kuua watu. Mtoto akue akijua kwamba jangwani mtu anaweza kufa maji.

Hatua ya 2: Weka kidole baharini

Tandaza ramani sakafuni. Mtoto aweke kidole Zanzibar, Lamu au Mombasa, kisha akisogeze juu kwa kufuata pwani mpaka Sur na Maskati, miji ya pwani ya Oman. Waeleze kuhusu pepo mbili. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu. Kusi, kuanzia kama Aprili, iliyarudisha. Katika shehena ya kurudi kulikuwa na boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, kwa sababu Oman ina uhaba wa miti ya kujengea. Mti uliokatwa kwenye matope ya Rufiji ukaenda kushikilia dari ya nyumba jangwani. Watoto hulipenda hili, na ni kweli tupu.

Kisha wape jambo linalowashangaza hata watu wazima. Kusi hiyohiyo tunayoijua sisi huendelea mpaka Dhofar, kusini mwa Oman. Kuanzia karibu mwisho wa Juni hadi Septemba milima ya Salalah hufunikwa na ukungu na manyunyu, nyasi huota, ng'ombe na ngamia hulisha kwenye kijani kibichi. Msimu huo huitwa khareef, na watu wa nchi jirani hufunga safari kwenda kupigwa na manyunyu tu.

Kwa wakubwa kidogo, ongeza kisa cha Sultanah. Mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, aliituma meli hiyo mpaka New York chini ya Ahmad bin Na'aman. Fuateni njia yake kwenye ramani. Enzi hizo hapakuwa na Mfereji wa Suez, hivyo kidole lazima kiizunguke Afrika yote.

Hatua ya 3: Jengeni falaj

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Ukiwa na nafasi ya hatua moja tu, fanya hii.

Falaj ni mfereji unaoteremsha maji kutoka miguuni mwa mlima mpaka mashambani kwa mteremko peke yake, bila pampu. Nyingine zina sehemu ndefu zinazopita chini ya ardhi, na kuna mashimo ya kushukia watu wa kuzisafisha. Karibu 3,000 bado zinafanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, mojawapo ikiwa Falaj Daris ya Nizwa. Nadharia iishie hapo, tushike udongo.

1. Jaza mchanga mkavu kwenye karai mpaka nusu. Inua upande mmoja kwa unene wa vidole viwili. Upande ulioinuka ndio mlima.
2. Kwa kidole, chimbeni mfereji mmoja kutoka mlimani hadi katikati, kisha uugawe kwenye matawi manne. Mwisho wa kila tawi ni shamba. Chomekeni vijiti viwe mitende.
3. Jaribuni kwanza bila udongo. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa na umimine taratibu. Mchanga utayanywa maji yote kabla hayajafika mbali. Acha watoto waone kushindwa huko na watafute dawa wenyewe. Mara nyingi mmoja wao atasema, "Tuupake udongo."
4. Pakeni udongo laini kwenye mfereji wote, ukuta na sakafu, kisha mlaze karai usiku kucha likauke.
5. Kesho yake, wekeni alama mahali maji yanapotokeza mara ya kwanza. Hapo ni pa kuchota maji ya kunywa, na hapo hapaogwi wala hapafuliwi. Chini yake ni msikiti, kisha mahali pa kuogea, na mwisho kabisa mashamba. Mpangilio huu ndio unaofuatwa kwenye vijiji vya Oman, na mtoto anauelewa mara moja, kwa sababu maji yakishachafuka juu yamechafuka kwa wote.
6. Kila mtoto au kila kundi limiliki shamba moja. Malango yawe vijiwe vilivyofungwa vitambaa chakavu: ukiziba tawi, maji yanaenda kwa jirani.
7. Sasa mgao. Watoto watataka kugawa kwa vikombe. Waeleze kwamba Waomani hugawa muda. Kila mwenye haki hupata falaj nzima kwa kipindi chake, na kipimo cha kawaida huitwa athar, takriban nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Ninyi tumieni dakika moja ya simu kwa kila shamba. Mteueni mtoto mmoja awe msimamizi wa zamu, na neno lake liheshimiwe.
8. Zungukeni mara mbili kwa zamu. Kisha, bila kusema kitu, badilisha kifuniko cha chupa uweke chenye tundu dogo zaidi. Ukame umeingia. Dakika ni ileile, maji yamepungua.

Hapo nyamaza usikilize. Watalalamika, watataka kuongezewa muda, mmoja atajaribu kuiba zamu. Baada ya mabishano waulize: "Nani amepungukiwa zaidi?" Watagundua kwamba wote wamepungukiwa kwa kiasi kilekile. Muda ukigawanywa, ukame nao unagawanyika. Waambie pia kwamba miaka ya shida mazao ya msimu hupunguzwa ili mitende inywe, kwa maana mboga utaipanda tena mwakani, lakini mtende uliokufa umekuchukulia miaka.

*Kosa la kawaida:* mtu mzima kujenga falaj nzuri peke yake na kuwaita watoto waje watazame. Ikivuja ya kwao, wamejifunza zaidi.

Hatua ya 4: Kahawa na tende, kwa adabu zake

Baada ya maji, mtende. Wape tende za aina mbili tofauti waonje na kulinganisha. Ukizipata za Oman, uliza kama ni Khalas au Fardh. Wakati wanakula, waeleze kuwa makuti husukwa mikeka na vikapu, na mashina ya mitende yalitumika kuezekea nyumba.

Kisha wafundishe kukaribisha mgeni. Wakae chini kwa mduara. Mwenyeji ashike dele kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa mkono wa kulia. Kahawa iwe nyepesi, ina iliki, haina sukari, kwa sababu utamu unatoka kwenye tende. Kikombe kisijazwe; mkupuo mmoja au miwili unatosha, kisha unaongezewa. Mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe kushoto na kulia kabla ya kukirudisha. Asipokitikisa, ataendelea kumiminiwa. Watoto wadogo wape maji ya uvuguvugu yenye iliki badala ya kahawa, adabu ni zilezile.

Mkimaliza, leteni halua. Ya Oman hupikwa kwa wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na maji ya waridi, ikikorogwa muda mrefu kwenye sufuria kubwa. Mtoto wa Unguja au Pemba atakwambia anaijua, na atakuwa amesema kweli.

Hatua ya 5: Watu, mmoja mmoja

Hapa ndipo masomo mengi huharibika. "Waomani ni Waarabu wanaofuga ngamia" ni sentensi ya kumdanganya mtoto. Tengeneza kadi, kila moja na mtu mmoja: mvuvi wa Sur, mkulima wa mitende Nizwa ambaye Ijumaa asubuhi hupeleka mbuzi wake mnadani, daktari wa kike Maskati, mfugaji wa Dhofar anayezungumza Kijibbali nyumbani, dereva wa familia ya Kibaluchi, bibi anayeongea Kiswahili kwa sababu alizaliwa Zanzibar, fundi aliyetoka India au Bangladesh. Usiache hii ya mwisho: zaidi ya theluthi moja ya wakazi ni wageni waliokwenda kufanya kazi. Watoto wachague kadi na waeleze siku ya mtu huyo kuanzia asubuhi, na waseme maji yake anayapata wapi. Mijini siku hizi mengi hutoka baharini, yakiwa yamechujwa chumvi viwandani.

Kwa kadi ya mfugaji wa kabila la Harasis, simulia habari za choroa wa Arabuni, wanyama wa jamii ya swala. Wawindaji wenye magari waliwamaliza porini, na wa mwisho alitoweka mwaka 1972. Wachache waliokuwa wamehifadhiwa kwenye bustani za wanyama walizaliana, na mwaka 1982 Oman ikawarudisha kwenye uwanda wa Jiddat al-Harasis, wakilindwa na watu wa Harasis wenyewe. Usikatishe hapo kana kwamba hadithi imeisha vizuri. Miaka ya 1990 majangili walirudi, idadi ikaporomoka, na mwaka 2007 UNESCO iliiondoa hifadhi ya choroa hao kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia baada ya eneo lake kupunguzwa sana. Watoto wanastahili kusikia habari nzima.

Dini itajwe kwa heshima na kwa usahihi. Oman ni nchi ya Waislamu. Wengi ni wa madhehebu ya Ibadhi au ya Suni, na wapo Washia pia.

Hatua ya 6: Kofia na ubani

Pitisha kofia mikononi mwao. Waigeuze, waone ilivyo vipande viwili, kiduara cha juu na ukanda wa pembeni, na watafute vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi ambavyo hupitisha hewa. Kofia za Oman na za Zanzibar ni ndugu wa damu.

Ubani wa Dhofar ni utomvu. Gamba la mti hukwanguliwa, utomvu hutoka, huachwa ugande kwa siku kadhaa, kisha hukusanywa. Wape punje moja wainuse ikiwa baridi, kisha iweke kwenye chetezo. *Tahadhari:* kaa la moto lishikwe na mtu mzima, dirisha liwe wazi, na kama kuna mtoto mwenye pumu, ishieni kwenye kunusa punje. Jambia, lile lililo kwenye bendera, lionyeshwe kwa picha tu.

Hatua ya 7: Ongeeni na mtu wa huko

Mtafute ndugu, jirani wa zamani au rafiki anayeishi Oman. Wengi wanazungumza Kiswahili na watafurahi. Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Kila mtoto aandae swali moja dogo, kwa mfano "Leo mmekula nini?" au "Maji ya bombani yanatoka wapi?" Maswali makubwa kama "Utamaduni wenu ukoje?" humfanya mtu ahutubie.

Mkikata simu, warudishie zile karatasi za hatua ya kwanza waongeze au wafute wanachotaka.

Wakiuliza mambo mazito

Wataanza wa miaka kumi hivi: "Si Waarabu ndio waliouza watumwa?" Usikwepe. Jibu kwamba ndiyo, watu walikamatwa bara na kuuzwa Zanzibar; wafanyabiashara na watawala wa asili ya Oman walishiriki na kutajirika, mashamba ya karafuu yalitegemea jasho la watumwa, na wengine walisafirishwa hadi Oman. Walikuwepo pia washirika wa Kiafrika, na wanunuzi wa Kizungu na wa Kihindi. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukachelewa kuisha. Mwaka 1964 yalitokea Mapinduzi, watu waliuawa, wengi wakakimbia, na baada ya 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani, familia nyingi zikahamia Oman. Sema hivyo kwa utulivu, na umwambie mtoto kwamba mtu aliye hai leo habebi dhambi ya babu yake.

Mkikwama

*Maji ya falaj bado yanapotea.* Udongo ni mwembamba au haujakauka. Paka tena, au tandika mfuko wa plastiki chini ya mfereji kabla ya kupaka.

*Maji yanaruka kingo.* Mteremko ni mkali. Shusha karai; falaj halisi huteremka polepole sana.

*Darasa lina watoto 60.* Jenga falaj moja kubwa uwanjani kwenye ardhi, yenye matawi kumi, kila kundi na shamba lake.

*Mtandao unakatika.* Rekodi maswali kwa sauti, yatume kwenye WhatsApp na usikilize majibu pamoja nao yakifika.

*Mtoto anasisitiza kwamba wote huko ni matajiri wa mafuta.* Mwambie kwamba mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, kisha mrudishe kwenye kadi ya mvuvi na ya fundi.

*Darasani kuna mtoto wa asili ya Oman.* Usimsimamishe mbele kama kielelezo. Muulize nyumbani kwao kabla, faragha, kama angependa kueleza chochote. Akikataa, yaishe.

*Wenye miaka sita wamechoka katikati ya ramani.* Funga ramani, nendeni kwenye mchanga. Njia ya Sultanah wataifuata mwakani.